Meli Ikitia Nanga Mombasa, Panda Feri

Kipindi kilichopita tulibishana kuhusu meli za utalii, nikakatizwa. Basi namalizia hapa.

Meli ikitia nanga Kilindini, utauziwa safari ya ufuoni: basi lenye kiyoyozi, hoteli, kisha unarudishwa. Kwa mgeni, sawa. Lakini wewe uliyelelewa Barking na mama anayekufokea kwa Kiswahili, umlipe mtu akujulishe Mombasa? Hapana bwana.

Mombasa ni kisiwa. Feri ya Likoni haimtozi nauli anayevuka kwa miguu. Ukishavuka, tuktuk itakufikisha ufuo wa Shelly. Ukipenda upande wa kaskazini, panda matatu ya Bamburi, ushuke kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule unaoitwa Pirates. Wikendi familia nzima-nzima zinaogelea pale, ngamia wanapita, wewe unakunywa dafu lako.

Najua mnachoogopa: lafudhi itawaumbua, mtapigwa bei. Inawezekana. Mimi huchekwa kila nikifungua mdomo. Lakini anayekucheka amekusikiliza, na hapo stori imeanza. Kwenye basi la watalii hakuna atakayekucheka, kwa sababu hakuna atakayekuongelesha.

Ila tuwe wakweli: foleni ya feri haina huruma, na meli haimngoji mtu. Uliza nauli kabla ya kupanda, na anza kurudi ukiwa bado na masaa matatu mkononi. Hata ukipata saa moja tu ufuoni, umeifikia mwenyewe, kwa mdomo wako.