CHOMBO CHA SHULE KICHAGULIWE KWA UMRI WA MTOTO



Siku hizi mkutano wa shule ukiitishwa, husikii ila kompyuta na vishikwambi. Si vibaya. Mtoto wa Kaoze ana haki ya elimu ileile apatayo mtoto wa Dar es Salaam. Lakini ni nani achaguaye chombo hicho, na anamchagulia nani? Hapo ndipo yatupasa kuamka.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Ni msaada mkubwa kwa mwalimu aandaaye masomo. Hata hivyo, kifaa cha karani wa sensa hakigeuki kuwa kifaa cha mtoto wa miaka saba kwa sababu tu kimeingia shuleni. Mtoto wa darasa la kwanza hujifunza hesabu kwa vijiti, mawe na nyimbo. Ataka kushika, kusikia na kucheza. Wa darasa la sita aweza kusoma mwenyewe na kutafuta jibu. Ukiwapa wote kitu kimoja, mmoja utamchosha na mwingine utamchelewesha.

Tazameni mfano wa Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la XPRIZE kutoka Marekani liliwapa vishikwambi watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Masomo yalikuwa ya Kiswahili, kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake, na umeme ulitokana na jua. Lakini tusiwasahau wale waliobaki bila kujua kusoma. Hao ndio wanaotuonyesha kwamba mwalimu bado ahitajika.

Huku kwetu Rukwa, juu Ufipa na chini bondeni, mtoto aweza kukosa masomo mvua zinapoharibu njia, au kazi ya shamba la mahindi inapomwita. Chombo kinachotufaa ni kile kitakachomngoja pale alipoachia, si kile kitakachomwacha nyuma ya wenzake.

Kwa hiyo, kabla fedha hazijatoka, kamati za shule ziulize maswali manne. Chombo hiki ni cha watoto wa umri gani? Masomo yake ni ya Kiswahili? Kikiharibika, ni fundi gani wa Sumbawanga atakayekitengeneza? Mwalimu amefundishwa kukitumia? Majibu yasipopatikana, fedha zinunue kwanza vitabu na madawati.

Tusikubali kuuziwa kitu kwa sababu kinang'aa. Wanachama, msiyaachie maswali haya mlangoni. Simameni mkutanoni myaulize kwa sauti. Watoto ni wetu, na fedha ni jasho letu.