Jalada la Gazeti Lasema na Nani?

Kijana wa Kalenga atumwapo sokoni Iringa hupita mbele ya meza ya magazeti, na kabla hajasoma neno hata moja, jalada limekwisha kusema naye. Gazeti lililokusudiwa wanaume mara nyingi huweka picha ya mwanamke. La wanawake nalo huweka mwanamke vile vile. Mbona sura ni moja? Kwa mwanamume ni chambo cha tamaa. Kwa mwanamke ni kioo cha kumwonyesha kwamba amepungukiwa, apate kununua mafuta na nguo zinazotangazwa ndani.

Jambo hili si geni. Gazeti la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951 na kusomwa hata Afrika Mashariki, lilijulikana sana kwa picha za mabinti jaladani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, walioonewa zaidi njiani walikuwa wasichana. Macho ya watazamaji hayakuulizwa.

Lakini tazameni utaratibu wa Qur'ani. Katika Sura An-Nur, aya ya 30 yawaamrisha wanaume kwanza wainamishe macho, ndipo aya ya 31 ikawaelekea wanawake. Basi, enyi wazazi, haitoshi kumficha binti gazeti. Mfunzeni na mwana wa kiume aulize: huyu aliyewekwa hapa, amewekwa kwa faida ya nani?

Wabillahi taufiq.