Anayepimwa uzani apimwe na kiuno

Mimi ni fundi wa nguo hapa Ngong. Wateja wangu wengi nimewashonea kwa miaka, na vipimo vyao viko kwenye daftari langu: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mguu. Kwa sababu hiyo nasema bila kusita kwamba ile hesabu ya uzani na urefu wanayoiita BMI haitoshi kumhukumu mtu kuwa mzima au mgonjwa.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Kitengela ambaye huniletea suruali zake. Ni mrefu, mita 1.83, miguu mirefu kama ya babu zake wa Kimaasai waliochunga ng'ombe nyanda hizi, na ana kilo 78. Ukichukua urefu wake ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukagawanya kilo kwa jibu hilo, unapata 23 na kidogo. Jedwali la kliniki linasema kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 uko sawa. Zahanati aliyokwenda ilimpongeza na kumruhusu aende nyumbani, bila kumpima kitu kingine.

Daftari langu lilikuwa na habari tofauti. Nilipoanza kumshonea, kiuno chake kilikuwa inchi 34. Sasa ni 38. Mapaja ni yale yale, mikono ni ile ile. Kilichokua ni tumbo. "Fundi, niachie hapa kidogo," aliniambia akiushika mkanda. Nilipofumua mshono wa nyuma nilikuta akiba yote ya kitambaa imekwisha, nilikuwa nimeshaitumia mara ya mwisho. Nikamwambia, mzee wangu, kabla hatujazungumza habari ya suruali, nenda ukapimwe sukari. Alikwenda, na ikapatikana iko juu.

Mzani hauwezi kujua mafuta yamekaa wapi. Mafuta ya nyonga na mapaja hayana madhara makubwa kama yale yanayojificha ndani ya tumbo, kandokando ya ini na utumbo. Hayo ya tumboni ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini na kupandisha presha. Tena miguu mirefu humwongezea mtu urefu kuliko inavyomwongezea kilo, kwa hiyo namba yake hushuka hata akiwa na kitambi. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao kuhusu miili ya Wamaasai na Wakikuyu, na wakaeleza kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 na ratili 23, yaani kama kilo 10. Wao walitaja chakula kuwa sababu. Chakula hicho kimebadilika sana. Mtu aliyekuwa akitembea kutwa nyuma ya mifugo leo ameuza shamba, anapanda bodaboda hadi Kiserian, anakula nyama na soda ameketi.

Hesabu yenyewe ilianzia kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na nyota, hakuwa daktari, na alichokitafuta ni wastani wa watu wengi. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kupitia Mmarekani Ancel Keys. Kwa kuhesabu taifa, inafaa: ndiyo iliyotuonyesha, katika utafiti wa afya wa Kenya wa 2022, kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Hilo ni jambo zito na sitaki mtu alipuuze. Lakini wastani wa nchi si uchunguzi wa mama aliyesimama mbele yako.

Mama kama mteja wangu mmoja anayebeba magunia ya viazi sokoni, kwa mfano. Ana mita 1.58 na kilo 68, namba yake 27. Aliambiwa amenenepa kupita kiasi, akaanza kushinda njaa huku akibeba mizigo ile ile. Kiuno chake ni inchi 30, mabega na mapaja ni misuli mitupu. Iliniuma kumwona akitetemeka kwenye benchi langu kwa ajili ya namba hiyo.

Mwaka 2022 Uingereza iliwashauri watu wazima wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya urefu wao. Mwaka uliofuata Chama cha Madaktari cha Marekani kikawataka wanachama wake wasiitegemee BMI peke yake. Kwa hili hata tepu si lazima. Kata uzi ulio sawa na urefu wako, ukunje katikati, uzungushe tumboni kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kama kawaida. Usilibane tumbo, na usipime pale unapofungia mkanda, maana wanaume wengi huufunga chini ya kitambi. Ncha za uzi zisipokutana, kiuno kimezidi.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanazunguka mitaani kwetu na mzani, mashine ya presha na kipima sukari. Ombi langu kwa kaunti ya Kajiado ni kwamba kila mzani unapotolewa, kiuno nacho kipimwe na kuandikwa. Kikizidi nusu ya urefu, mtu huyo apimwe presha na sukari siku hiyo hiyo, hata kama mzani umemsifu.