Hukumu ya mgomo haikufuta haki ya kuungana

Agosti 2, 2012, tukiwa ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilitamka kuwa mgomo wa walimu ulioanza Julai 30 haukuwa halali, ikawaamuru warejee madarasani. Tangu hapo husikika kauli kwamba mwalimu anayeshikamana na chama chake anatafuta ugomvi na Serikali. Sisi tunasema hiyo si tafsiri sahihi ya hukumu ile.

Kilichokataliwa ni mgomo, si kuungana. Haki ya kuungana imo katika Ibara ya 20 ya Katiba na katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Sheria hiyo inaruhusu hata kugoma, ila kwa masharti: mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi, wanachama wapige kura, na mwajiri apewe notisi ya saa 48.

Miongoni mwa madai ya Chama cha Walimu Tanzania ilikuwamo posho ya asilimia 30 kwa walio katika mazingira magumu. Anayeijua Newala haulizi maana ya maneno hayo. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida, na kiangazi kikikaza, ndoo ya maji humpunguzia mwalimu fedha ya kitoweo. Kwa upande mwingine, mtoto wa mkulima wa korosho wa Masasi hana shule nyingine ya kukimbilia mwalimu wake anapogoma.

Uislamu umetuamrisha kutimiza mikataba, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mkataba hufunga pande zote mbili. Mwajiri aliyeshinda mahakamani hakusamehewa deni analodaiwa.

Rai yetu ni hii. Walimu wahudhurie mikutano ya chama chao na waijue sheria, ili haki yao isipotee kwa kasoro ya utaratibu. Serikali isisubiri notisi ya saa 48 ndipo ikae mezani. Nasi wazazi, tunapomwuliza mwalimu kwa nini hakufundisha, tumwulize na mwajiri wake kama amemlipa.

Wabillahi tawfiq.