Mayele alienda, tuache kulaumiana

Wapenzi wa Vita Club bado wanauliza: nani aliacha Fiston Mayele aende? Swali hilo limezidi tangu Juni 2025, Mayele alipofunga bao katika mechi ya marudiano ya fainali na Pyramids ya Misri ikachukua Ligi ya Mabingwa Afrika.

Ndugu wasikilizaji, tuseme ukweli. Mwaka 2021, alipoenda Yanga ya Tanzania, mimi sikusema kitu. Nilifikiri mshambuliaji mwingine atapatikana. Leo sote tunajifanya tulijua!

Mpira ni kazi, na kijana anafuata mshahara. Mazembe nao walimuona Samatta akienda Genk Januari 2016, akiwa ametoka tu kuwapa kombe la Afrika. Mwaka huohuo bila yeye wakabeba Kombe la Shirikisho.

Kinachoniuma ni kingine. Watoto wa familia zilizohama vita wanacheza jioni bila viatu, juu ya mawe ya volkano, mpira wenyewe wa mifuko na kamba. Yuko mmoja wa mguu wa kushoto, anapita watu watatu. Sijaona kocha hata mmoja akija kumwangalia.