Jasho, kichwa na moyo: si malaria kila siku

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama mlio nyumbani,

Mtu akitoka mgodini kichwa kinamuuma, jasho linamtoka na moyo unapiga mbio, sote tunasema: ni malaria, ao gripi. Mara nyingi ni kweli. Lakini tunasema upesi mno, na sisi wa dispanseri tunakosa pamoja nanyi.

Mchimbaji mmoja nilimpa dawa ya malaria mara mbili. Tansio nilimpima kesho yake, jasho limekwisha, ilikuwa sawa. Mara ya tatu alishikwa na gripi kali, akaanza kukosa pumzi. Bibi yake aliniambia: «Munganga, hii si gripi tu. Inamshika nusu saa, inamwacha.» Nikampima palepale: 230 juu ya 130. Tulimkimbiza lupitalo. Mkojo na picha ya tumbo vilionyesha uvimbe juu ya figo.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza adrenalini, ile inayokuja mtu akishtuka. Kwa watu wachache sana uvimbe unaota ndani yake, jina lake feokromositoma. Unamwaga adrenalini bila sababu. Tansio inapanda ghafula, kisha inashuka, na mtu anarudi kazini akisema amepona. Virusi vikimkuta, gripi ao Covid-19, uvimbe unaweza kumwaga nyingi kwa mara moja: moyo unachoka, maji yanajaa mapafuni, na munganga anafikiri ni virusi peke yake.

Dawa pia zinaweza kuuamsha. Tangu 2020 deksametazoni inaokoa wagonjwa wa Covid-19 wanaohitaji oksijeni; siisemi vibaya. Lakini kwa mwenye uvimbe huu inaweza kuleta shambulio. Propranololo vilevile, ikitolewa mbele ya dawa ya kulegeza mishipa. Na vile vidonge vya deksametazoni mnavyonunua sokoni ili mnenepe! Hapo ninakasirika kweli.

Uvimbe huu unapasuliwa. César Roux aliutoa Lausanne, Uswisi, mwaka 1926, na mgonjwa akapona. Mchimbaji wetu naye alipasuliwa, baada ya siku nyingi za dawa za kutuliza tansio.

Basi, mama, ikimshika mleteni saa ileile, hata usiku. Na wakubwa wa kazi, ninaomba mashine ya tansio iwe pia mlangoni mwa mgodi, kwa timu ya usiku. Sasa iko moja tu, na saa kumi na moja jioni inafungiwa kabatini.