Askari na Daftari la Mama wa Langoni

Nje ya malango ya kambi nyingi katika nchi yetu ya Uganda, ziwe za jeshi au za polisi, pana vibanda. Hapo huuzwa chapati, mayai, sabuni, sigara na ndizi mbivu. Na hapo, kuliko mahali pengine popote, ndipo raia anapomjua askari wake. Hamjui kwa gwaride wala kwa hotuba za wakubwa. Humjua kwa jinsi anavyonunua, na kwa jinsi anavyolipa.

Tumepata kuonyeshwa daftari la madeni la mama mmoja auzaye katika kibanda cha namna hiyo. Kurasa zilikuwa zimejaa, lakini majina yalikuwa machache. Mahali pa majina paliandikwa "afande mrefu", "afande wa kovu", "yule wa pikipiki". Tulipomwuliza kwa nini hakuandika majina, alitujibu kwamba mtu mwenye bunduki haulizwi jina lake. Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Raia wawili wanapokopeshana, mwenye mali ana uhuru wa kukataa. Askari aliyevaa sare akisema, "Niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi," hata akisema kwa upole na kwa nia njema kabisa, mwenye kibanda hana uhuru huo. Au hudhani kuwa hana, na kwake ni mamoja. Mkopo umekwisha kugeuka kodi. Hatusemi haya kuwashutumu askari wote. Wengi hulipa, na wengine hulipa kabla ya kuulizwa. Lakini hata huyo alipaye yampasa ajue kwamba sare aliyoivaa imesema kabla yake yeye hajafungua kinywa.

Sisi tulioipokea imani ya Kikristo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafundisho. Katika mlango wa tatu wa Injili ya Luka tunasoma kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji, wakamwuliza wafanye nini. Yafaa tuangalie kwanza lile ambalo Yohana hakulisema. Hakuwaambia wavue sare, wala hakuwaambia wakimbilie jangwani wakafunge na kusali. Aliwaambia mambo matatu, na yote ni ya njiani na sokoni: wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu makosa, na waridhike na ujira wao. Asiyejua maisha ya askari aweza kudhani kwamba mambo haya hayahusiani. Ayajuaye hutambua kwamba ni mnyororo mmoja. Mshahara ukionekana haba, mkono hunyoshwa kwenye mali ya raia. Na raia akithubutu kudai haki yake, huzuliwa kosa: kwamba ni mzururaji, kwamba anauza mali ya magendo, kwamba anaficha wahalifu. (Ndugu zetu Waislamu walio nasi vikosini watatukumbusha kwamba Sura ya 83 ya Kurani yaanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Nasi twakubali.)

Wenye umri wanaukumbuka mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini. Maduka yao mengi yaligawiwa askari na watu waliokuwa karibu na utawala, na matajiri hao wapya wakaitwa mafuta mingi. Bidhaa zilipokwisha, wengi hawakujua pa kupata nyingine, kwa maana duka lililopatikana bila jasho halimfundishi mtu biashara. Hata hivyo, hasara iliyodumu haikuwa ya sukari na sabuni. Kiswahili, lugha hii hii tunayoiandika, kilizidi kujulikana masikioni mwa watu wengi wa Kampala na vijiji vya Buganda kuwa lugha ya amri kwenye vizuizi vya barabarani. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wapo wazee ambao hata leo wakiamkiwa kwa Kiswahili hutazama kwanza kama aliyewaamkia ana silaha. Hilo nalo ni deni, na waliolirithi hawakulikopa wao.

Wapiganaji wa NRA walilijua jambo hilo. Katika kanuni zao za maadili, zilizotokana na vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, mpiganaji alikatazwa kuchukua chochote cha raia bila kulipa, hata ndizi mbivu, hata muwa, kwa kisingizio kwamba ni kitu kidogo. Naye aliagizwa kulipa mara moja na kwa fedha taslimu. Twapenda sana kwamba ndizi ilitajwa. Hakuna askari aanzaye kwa kunyang'anya ng'ombe.

Liko na jambo la pikipiki za boda boda. Askari hupanda, hufika aendako, hushuka na kusema "asante". Katika siku za Warumi askari aliweza kumlazimisha raia amchukulie mzigo. Ndivyo Simoni Mkirene alivyoshikwa njiani akabebeshwa msalaba. Yesu alipofundisha habari ya kwenda maili ya pili, alisema na wale waliokuwa wakilazimishwa. Tusije tukasikia afande akilitumia fundisho hilo kumdai kijana wa boda boda safari ya pili ya bure.

Tunajua askari watatujibu habari ya mshahara. Neno la Yohana juu ya ujira ni gumu, nasi hatujifanyi kuwa ni jepesi, kwani karo za shule hazimjali mtu kwa cheo chake. Lakini upungufu wa mshahara ni shauri baina ya askari na serikali yake; mama wa kibandani hakuwamo katika mkataba huo. Jeshi lina chama chake cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Huko mtu hukopeshwa na wenzake walio na uwezo wa kumkatalia.

Wala uhamisho si udhuru. Zamani kikosi kilipoondolewa usiku kwenda Karamoja, deni lilibaki langoni likazeeka. Lakini tangu 2009 fedha hutumwa kwa simu hapa Uganda. Zakayo mtoza ushuru, ambaye habari zake zimo katika Luka mlango wa 19, hakungoja kudaiwa. Aliahidi mwenyewe kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Sisi hatuombi mara nne. Twaomba bei ya chapati na mayai, mara moja.

Yule mama ametusimulia kwamba "afande wa kovu" alirudi baada ya miaka miwili, amevaa nguo za kiraia, akauliza deni lake ni kiasi gani. Mama alikuwa amekwisha kulisamehe moyoni, ikambidi apekue daftari la zamani. Alipokwisha kupokea fedha, kwa mara ya kwanza alimwuliza jina lake, naye akamtajia.